Faili Limefika, Kazi Imebaki Nyuma

Mwezi wa kukabidhi tasnifu ukiingia, steshenari zilizopakana na vyuo vikuu hazifungi mapema. Mwanafunzi anachomoa flashi kwenye kamba ya funguo, dada wa mashine anaipokea na kuichomeka, kinga ya virusi inalalamika kidogo, faili linafunguka. Tasnifu iliyokuwa na kurasa 84 usiku wa jana sasa ina 91. Jedwali la sura ya nne limekatika, nusu ukurasa huu, nusu ukurasa wa pili. "Mbona kwangu haikuwa hivi?" anauliza mwenye kazi. Dada wa mashine, ambaye ameulizwa swali hilohilo tangu asubuhi, anajibu bila kugeuka: "Fonti zako hatuna."

Jibu la dada ni sahihi, ila halimalizi habari. Fonti ni kitu kimoja tu kati ya vingi vilivyoachwa njiani, na tunaiona haraka kwa sababu inavuruga sura ya ukurasa. Vingine vinapotea kimya. Mwandishi akifunga kompyuta moja na kufungua nyingine, herufi zake anazikuta zote. Asichokikuta ni mahali alipokuwa ameishia, mafaili mawili matatu aliyokuwa ameyafungua pembeni ili alinganishe, aya aliyoikata akisubiri kuibandika kwingine, maneno ya Kiswahili aliyoyaingiza mwenyewe kwenye kamusi ya programu ili yasipigiwe mstari mwekundu, na msururu wote wa mabadiliko ambao ungemwezesha kurudi nyuma hatua mia. Vyote hivyo kwa pamoja ndiyo kikao chake cha kazi. Faili ni kile kilichotoka ndani yake. Fundi cherehani akihama kibanda na vitambaa vyote vya wateja lakini akasahau daftari la vipimo, hawezi kusema amehama na kazi.

Mwenye kompyuta mpakato yake mwenyewe, mpya, anayoibeba kila aendako, anaweza kuruka makala haya. Sisi wengine tunaandika kwa kuhamahama. Mwandishi wa michezo anaanza habari kwenye simu akiwa jukwaani Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuimalizia kwenye dawati la chumba cha habari. Mwalimu anatunga mtihani kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, umeme ukikatika anaendelea nyumbani kwenye kompyuta ya mdogo wake. Mwanafunzi anatumia maabara ya chuo ambayo mashine zake zimewekewa programu ya kufuta kila kitu zikizimwa, ili virusi visikae. Hatua hiyo ni ya busara kwa mtunza maabara. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba kila asubuhi anaketi mbele ya mashine isiyomjua.

Kwa muda mrefu tumejitibu kwa majina ya mafaili. Kila anayesoma hapa amewahi kuona faili lenye neno "mwisho" na jingine lenye "mwisho kabisa" katika folda moja, na tunacheka. Tukiacha kicheko, mtu huyo anajaribu kuandika historia ya kazi yake mahali pekee ambapo ana hakika itasafiri, yaani katika jina. Kwenye Word, orodha ya hatua za kurudi nyuma hufutika mara unapofunga faili, hata kama umelifungua tena dakika moja baadaye kwenye mashine ileile. Basi mtu afanye nini? Anaita faili "mwisho 2" na kumwachia Mungu.

Dawa ya pili ni kujitumia mwenyewe. Zamani ilikuwa barua pepe. Siku hizi ni WhatsApp, na desturi hiyo imeenea kiasi kwamba Novemba 2022 kampuni yenyewe ilitangaza njia rasmi ya mtu kujitumia ujumbe, baada ya watu kuishi miaka mingi wakiunda makundi yenye mwanachama mmoja. Ukituma faili lenyewe, linafika salama. Ukibandika maandishi kama ujumbe, tanbihi zinapotea, mlalo wa herufi unapotea, na neno ulilolizungushia nyota mbili kwa sababu zako mwenyewe linakozwa wino bila wewe kuombwa ruhusa.

Kuna ugonjwa mmoja unaotupata hasa sisi tunaoandika Kiswahili, nao umekaa kwenye ng'. Alama ile ya juu ina sura mbili ndani ya kompyuta. Ipo iliyonyooka, ambayo kibodi inaitoa, na ipo iliyopinda, ambayo Word huibadilisha yenyewe ikidhani inakupambia kazi. Iliyonyooka ni herufi ya kawaida inayoeleweka na kila mashine. Iliyopinda, katika mfumo wa UTF-8 unaotumika karibu kila mahali leo, huhifadhiwa kwa baiti tatu. Faili hilo likisomwa na programu inayodhani limeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, kila baiti inakuwa herufi yake, na ng'ombe wako anatokea na pembe asizozaliwa nazo: "ngâ€™ombe". Nimeona ripoti iliyochapishwa na kujaladiwa ikiwa na ng'ombe wa namna hiyo ukurasa hadi ukurasa. Na hata lisipoharibika, faili lililoanziwa simuni na kumaliziwa kwenye Word linaweza kuwa na ng' za aina mbili. Ukilihamishia kwenye programu ya maandishi matupu na kutafuta neno, inakuletea nusu yake, na unaamini umesahihisha kote.

Ajabu ni kwamba tatizo la kuhama lilikuwa dogo zaidi zamani. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alikaa mbele ya hadhira kwa dakika 90 akahariri maandishi kwenye skrini, akihamisha maneno na kupanga orodha ya vitu vya kununua dukani. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi hiyo haikuwa jukwaani. Ilikuwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale, na mwenzake aliyekuwa huko aliingia katika maandishi yaleyale wakayashughulikia pamoja. Kwa miaka mingi baadaye, vyuo na ofisi zilizokuwa na kompyuta kubwa moja ziliendesha mambo hivyohivyo. Mashine moja chumbani, skrini na kibodi nyingi zimetawanyika jengoni. Ulikaa kwenye kiti chochote kilichokuwa wazi, ukaandika jina na neno la siri, mafaili yako yakawa mbele yako.

Kompyuta binafsi za miaka ya 1980 ndizo zilizovunja mpango huo. Kila mtu alipata mashine yake, jambo zuri, na kila mashine ikawa kisiwa. Tukaanza kuvushana kwa diski. Diski ndogo yenye ganda gumu tuliyoizoea ilibeba megabaiti 1.44, na flashi za kwanza zilizoingia sokoni mwaka 2000 zilibeba megabaiti nane. Leo tunabeba gigabaiti 64 kwenye kitu kidogo kuliko kidole. Ukubwa umeongezeka mara elfu nyingi, ila kinachobebwa ni kilekile: faili lililofungwa.

Wapo waliojaribu kuunganisha faida zote mbili, ya kompyuta kubwa moja na ya mashine ya kila mtu. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ilileta vifaa vilivyoitwa Sun Ray. Mfanyakazi alikuwa na kadi. Akiichomoa, skrini yake inazimika. Akienda ghorofa nyingine na kuichomeka kwenye kifaa kingine, madirisha yake yote yanatokea yakiwa yalivyo, hata sentensi aliyoiacha katikati. Kazi yenyewe haikuwa imehama hata hatua moja, kwa kuwa muda wote ilikuwa kwenye seva na kadi ilikuwa inasema tu mwenyewe yuko wapi. Vifaa hivyo haviuzwi tena. Wazo lake nitalirudia hapa chini, kwa sababu kuna namna ya kulipata karibu bure.

Kabla ya hapo, nizungumzie programu moja yenye udugu wa kweli na eneo letu. Inaitwa Vim. Ni programu ya kuhariri maandishi matupu, na aliyeiandika ni Mholanzi Bram Moolenaar, akiiga programu ya zamani iitwayo vi ambayo Bill Joy aliiandika Berkeley mwaka 1976. Vim ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika eneo la Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, akajitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi sana kule. Aliporudi kwao hakuitoza programu yake bei. Aliwaomba wanaoitumia wawachangie watoto wale, na ombi hilo akaliweka kwenye skrini ya kwanza kabisa ya programu. Wataalamu wa kompyuta wa dunia nzima, mamilioni kwa mamilioni, wamesoma jina la Uganda walipofungua Vim bila faili. Moolenaar alifariki Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 62.

Nimeitaja Vim kwa sababu inaonyesha vizuri kwamba kikao kinaweza kubebwa. Wakati unaandika, inaweka pembeni faili dogo la dharura, na kwa kawaida hulisasisha kila baada ya herufi 200 au ukinyamaza kwa sekunde nne. Umeme ukikatika, unachopoteza ni sentensi moja mbili. Faili hilo la dharura linaandika pia jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Hivyo ukifungua maandishi yale kwenye mashine nyingine kupitia folda ya pamoja, Vim inakusimamisha: maandishi haya yamefunguliwa na fulani kwenye kompyuta fulani, na kuna mabadiliko hayajahifadhiwa. Ofisi ngapi zimepoteza kazi ya siku nzima kwa sababu watu wawili walifungua faili moja na wa pili kuhifadhi akamfuta wa kwanza?

Tena kuna amri moja inayoiambia Vim iandike kikao chote: madirisha yaliyo wazi, mafaili yaliyomo, folda unayofanyia kazi, mstari ulipo. Kinachotoka ni faili la maandishi ya kawaida ambalo unaweza kulisoma kwa macho. Tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010, hata historia ya kurudi nyuma inaweza kuhifadhiwa katika faili. Ukiiacha ikae folda moja na maandishi yenyewe, ukabeba folda nzima, unaweza kufuta kwenye kompyuta ya pili neno uliloliandika kwenye ya kwanza wiki iliyopita. Nayo haikubali kudanganywa. Ikiona maandishi yamebadilishwa na programu nyingine tangu historia ilipoandikwa, inakataa kuitumia.

Simwambii kila mtu ajifunze Vim. Ni programu ya watu wa kompyuta, na wageni wake wana sifa ya kushindwa hata namna ya kutoka ndani yake. Kikao chake nacho hukwama mahali pamoja pa kizamani kabisa: anwani za mafaili. Kikao kilichoandikwa kwenye Linux kinajua faili liko katika njia fulani, na kwenye Windows njia hiyo haipo. Kinachonivutia ni ile hatua ya kugeuza kikao kiwe maandishi. Moolenaar alitambua kwamba kitu pekee kinachovuka mashine zote, mifumo yote na miaka yote ni maandishi matupu, basi akakiandika kikao.

Hilo kila mmoja wetu anaweza kulifanya leo kwa programu yoyote, hata kwenye simu. Kabla ya kufunga, andika ndani ya faili lenyewe, mahali ulipoishia, alama isiyoweza kutokea kwa bahati katika Kiswahili, kwa mfano herufi z tatu, kisha sentensi moja: ulikuwa unataka kusema nini kinachofuata. Ukifika kwenye mashine nyingine, tafuta zzz. Aya ulizozikata usiziache kwenye ubao wa kunakilia, kwa maana ubao huo hufa na mashine. Zipeleke mwisho wa faili chini ya kichwa "Akiba". Mafaili uliyokuwa unayasoma pembeni yaandike majina hapohapo, na yawe kwenye folda moja na kazi, ili ukibeba folda umebeba vyote. Kazi hii inachukua dakika moja na nusu. Wahariri niliowaona wakifanya kazi nzuri kwenye kompyuta mbovu wana mazoea ya aina hii, kila mmoja kwa alama zake.

Kwa anayeweza kwenda mbali kidogo, wazo la Sun Ray lipo: acha kikao mahali pamoja, uhame wewe. Mwaka 1987 vijana wawili wa Berlin, Oliver Laumann na Carsten Bormann, walitoa programu iitwayo Screen, na mwaka 2007 ikaja ndugu yake, tmux. Unaiendesha kwenye seva. Unafungua ndani yake programu yako ya kuandikia, unaandika, mtandao unakatika. Hakuna kilichotokea. Maandishi yako yako wazi kule kwenye seva, alama ya kuandikia inapepesa mahali ulipoiacha. Unakwenda kwenye kompyuta nyingine, ya mjini au ya kijijini, unaingia kwa njia salama ya SSH, ambayo Mfini Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake Helsinki, na unajiunga tena na kikao. Tangu mwaka 2012 ipo pia Mosh, iliyotengenezwa MIT kwa ajili ya mitandao dhaifu. Ukitoka kwenye Wi-Fi ya ofisi ukaingia kwenye data ya simu ukiwa ndani ya daladala, haikutupi nje.

Watu husema hayo ni ya wenye intaneti nzuri. Mimi nasema kinyume chake. Skrini kamili ya mtindo huu, yenye safu 80 na mistari 24, ni herufi 1,920. Hata ukiandika siku nzima, utatumia bando dogo kuliko kuangalia video moja ya dakika tano. Njia hii ilitengenezwa enzi za simu za waya zilizokuwa zikikoroma, na ndiyo maana inatufaa. Seva ndogo ya kukodi ni dola chache kwa mwezi, na chuo chenye idara ya kompyuta kinaweza kuweka moja kwa wanafunzi wake wote bila kununua mashine mpya. Nakubali kwamba itakubidi kuandika maandishi matupu, bila rangi wala picha, na kuyapamba baadaye. Kwa mtu anayeandika riwaya, mashairi au habari, hiyo si hasara.

Sasa nije kwenye njia ambayo wengi wameshaichagua, yaani wingu. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Marekani ilitoa programu ya kuandikia ndani ya kivinjari, Writely, Google wakainunua Machi 2006, ikawa mzazi wa Google Docs. Tuwape haki yao. Kwa upande wa kikao, hakuna kitu cha bure kilichowahi kuwafikia watu wengi kikifanya kazi vizuri hivyo. Historia ya kila badiliko ipo. Watu watano wanaandika ukurasa mmoja bila kugongana. Unaanza simuni na kumalizia kompyutani, na hujawahi kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Ila hesabu yake ni hii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kuchechemea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma kwa sababu hiyo. Mtu aliyekuwa na tasnifu kwenye wingu siku zile alikuwa na tasnifu ng'ambo. Ni kweli zipo njia za kuandika bila mtandao, lakini lazima uziwashe mapema, kwenye kivinjari kile, kwenye mashine ile. Kwa anayehama kutoka kompyuta ya kuazima hadi nyingine ya kuazima, hapo hakuna msaada. Halafu kuna suala la laini ya simu. Akaunti ikidai namba ya uthibitisho na laini yako imefungwa au imepotea, kitabu chako cha miaka mitatu kiko nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwenye simu iliyoibwa Kariakoo.

Kosa letu ni kufanya wingu liwe nyumba wakati linapaswa kuwa ghala. Mwaka 2019 watafiti wanne, Martin Kleppmann akiwa mmoja wao, waliandika hoja inayotaka programu ziendelee kushirikisha watu kupitia mtandao, lakini nakala kuu ya kazi iwe kwenye mashine ya mwenye kazi, ifunguke hata kampuni ikifa. Waliandika wakiwaza dunia nzima. Kwetu, hoja yao inasomeka kama maelezo ya hali ya kawaida ya siku ya Jumatatu.

Na ipo programu inayokaribia hapo ambayo nashangaa haijulikani zaidi. Inaitwa Syncthing, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Jakob Borg. Unachagua folda kwenye kompyuta mbili au kwenye kompyuta na simu ya Android, nazo zinasawazishana zenyewe. Vifaa vikiwa kwenye Wi-Fi moja ya nyumbani au ofisini, mafaili yanapita hapohapo chumbani bila kugusa seva ya mtu na bila kula bando hata kidogo. Faili likibadilishwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, haifuti moja kimya. Inaacha nakala ya mgogoro na kukuachia uamuzi. Dropbox hufanya kitu kama hicho kupitia intaneti. Mmoja wa waanzilishi wake, Drew Houston, amesimulia mara nyingi kwamba wazo lilimjia ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York, baada ya kugundua amesahau flashi. Kama flashi iliyosahaulika inazaa makampuni, mabasi ya Ubungo na Mwembe Tayari yangekuwa yameshatupa kumi.

Neno fupi kuhusu siri. Kompyuta ya steshenari inabaki na nakala ya barua yako ya kuomba kazi, cheti chako cha kuzaliwa, mara nyingine na WhatsApp yako ikiwa wazi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Sheria hizo zina maana ndogo kwa mtu aliyeondoka bila kufuta faili kwenye folda ya vilivyopakuliwa na bila kutoka kwenye akaunti yake. Mwenye duka naye angefanya vyema kufuta kila jioni, na kubandika ukutani kwamba anafanya hivyo.

Kinachohitajika hakigharimu fedha nyingi, kinagharimu kufundishwa. Kozi za matumizi ya kompyuta za mwaka wa kwanza, katika vyuo vingi nilivyopita, bado zinafundisha sehemu za kompyuta kwa majina na namna ya kukoza wino. Mwanafunzi anahitimu akijua kiini cha kompyuta kinaitwaje na hajui kuingiza fonti ndani ya hati ya Word, mpangilio ambao uko kwenye orodha ya chaguo za kuhifadhi na unaomaliza ugomvi wa kurasa 84 na 91. Hajui tofauti ya kuhifadhi kama hati na kuhifadhi kama PDF kwa ajili ya kuchapa. Hajui kuangalia kama faili lake ni UTF-8. Hajaambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa historia ya matoleo, wala kwamba watengeneza programu wa dunia nzima wanatumia Git, programu ya kutunza historia hiyo, tangu Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005, na kwamba inafaa kwa sura za tasnifu kama inavyofaa kwa msimbo.

Wakuu wa idara, ingizeni mambo haya katika wiki mbili za mwanzo za kozi hizo, na muwape wanafunzi mahali pa chuo pa kuacha kikao, hata kama ni seva moja kuukuu yenye betri ya akiba. Wahariri wa magazeti, kubalianeni alama moja ya "nimeishia hapa" kwa chumba kizima cha habari. Nawe msomaji, kama una kazi ndefu unayoiandika, wiki hii ibebe uende kwenye kompyuta isiyo yako, uifungue na ujaribu kuendelea na sentensi uliyoiachia katikati. Utakachokikosa hapo, kiandike ndani ya folda kabla hujahama tena.